Nipe Mji

Gari lilikuwa likinipitia saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, Mwisenge mjini Musoma, karibu na shule ya msingi. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa nyuma yake, na kwa kuwa mama hakuwa mtu wa kungoja, saa kumi na moja na nusu nilikwisha simama barabarani na begi langu, upepo wa ziwa ukipita katikati ya nyumba, mwuza maandazi akipuliza mkaa. Kisha taa za Land Cruiser zinatokea. Ilikuwa mkonga, zile ndefu zenye mabenchi ya ubavuni huko nyuma. Dereva kulia, mama mbele kushoto, mimi nyuma na maboksi ya fomu, miguu imebanwa na tairi la akiba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Bado, mama."

"Tutakula Bunda."

Baada ya hapo, kimya.

Mwaka ulikuwa 2011. Nilikuwa nimepangiwa kazi ya ukaguzi wa shule mkoani Mara, mtoto wa Pangani niliyezoea bahari, ambaye ziwa nilikuwa nimeliona kwenye ramani tu. Mama alikuwa mkuu wangu wa kazi, Mjita, amebakiza miaka minne astaafu. Dereva alikuwa Mkurya wa Tarime, mtu wa maneno machache, na mama alimwita "Mura" kama wanavyoitana wenyewe kwao. Sisi watatu tulizunguka Bunda, Butiama, Majita, Kisorya na Mugumu, na mara kwa mara tulikwenda Mwanza kwenye mikutano, zaidi ya kilometa 200 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Nikizijumlisha zile saa, nimekaa na mama ndani ya gari zaidi kuliko nilivyokaa naye ofisini.

Asiyewahi kusafiri na mkubwa wake wa kazi hajui jinsi kilometa zinavyoweza kurefuka. Kusinzia ni kukosa adabu. Kuchezea simu ni vilevile, na mtandao wenyewe miaka ile ulikuwa ukija na kuondoka. Kuanzisha mazungumzo si kazi ya mdogo. Mdogo huulizwa, naye hujibu. Kwa kuwa benchi langu lilitazama ubavuni, barabara sikuiona. Niliona shavu la kulia la mama na kitambaa chake cha kichwa, na nje ya dirisha la upande wa pili vilima vikirudi nyuma. Safari mbili za kwanza nilihesabu nguzo za umeme. Nilifika Bunda nimechoka shingo na roho, na sijasema hata maneno kumi.

Safari ya tatu, tulipokwisha ipita Makutano, mama akasema bila kugeuka:

"Kitendawili."

Nilidhani anaongea na simu. Mura akanitupia jicho kwenye kioo.

"Tega," nikasema.

"Wamebebana tangu dunia iumbwe, na wa chini hajalalamika."

Nikataja ng'ombe na ndama. Nikataja nyumba ya ghorofa. Nikataja mama na mtoto mgongoni, nikaambiwa mtoto hulalamika sana. Nikanyamaza.

"Nipe mji."

Kwetu Pangani mchezo huu niliucheza kila jioni ya utoto wangu, kwa hiyo nilijua la kufanya. "Nakupa Tanga, mama."

"Umewahi kulala Tanga?"

"Nimelala mara nyingi."

"Basi naupokea. Mji ambao hujalala huwezi kumpa mtu, hiyo ndiyo sheria ya gari hili." Akajiweka sawa kwenye kiti. "Nimekwenda Tanga. Wamenipokea vizuri, wamenipa samaki wa nazi na chai ya mchaichai. Wazee wa Tanga wakaniuliza, huyo kijana wenu ameshindwa nini? Nikawaambia ameshindwa mawe. Inama utazame nje."

Nikainama. Palikuwa na kilima, na juu yake majabali ya kijivu yamepandiana, moja juu ya bega la jingine, la juu kabisa kubwa kuliko yote, kama limewekwa jana na mtu aliyeondoka kidogo atarudi. Nilikuwa nimeipita njia ile mara mbili nikihesabu nguzo.

Sijui ile sheria ya kulala aliitoa wapi, kwetu haikuwapo. Lakini ndiyo iliyoufanya mchezo uwe na uzito. Miji niliyolala mpaka siku ile haikuzidi saba. Tanga ilikwenda, Muheza ikafuata, Korogwe, Morogoro nilikosoma, Dar es Salaam. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa nimebaki na Pangani peke yake, na Pangani sikutaka kuitoa. Mama akaniambia hakuna tatizo, nikilala Bunda, Bunda itakuwa yangu. Nadhani mimi ndiye mtumishi pekee katika ofisi ile aliyefurahi kuambiwa atalala kazini Mugumu, masurufu yatoke au yasitoke.

Kuna jambo lilinichukua muda kulielewa. Ofisini mama alikuwa mkubwa kweli. Ripoti yenye kosa la nukta ilirudi mezani kwangu, na hakuna aliyeingia chumbani kwake bila kubisha. Ndani ya kitendawili ukubwa ule haukuwapo. Anayetega ametega, asiyejua anatoa mji, awe mkuu wa kazi au dereva. Na bado adabu haikuvunjika hata siku moja, kwa sababu mchezo wenyewe una maneno yake ya kuombea na kujibia, kila mtu anajua zamu yake. Kwa mtu kama mimi, niliyelelewa nisimwanze mkubwa kwa maneno, neno "kitendawili" lilikuwa mlango pekee ambao ningeweza kuubisha mwenyewe. Safari ya tano niliubisha. Mama akajibu "Tega" haraka sana, nikajua alikuwa akiningoja.

Vingi vya kwake alivitunga humohumo njiani. Tukielekea Mwanza, tulipopita lango la Ndabaka, pale Serengeti inaposhuka mpaka karibu na lami na Ghuba ya Speke iko upande wa pili, alitega: "Kila mwaka navuka kwenda Kenya na kurudi, sijaulizwa pasi." Nyumbu walikuwa palepale, wamesimama mkia kwa mkia, na hicho nilikipata. Mura naye, siku aliyoamua kuingia, alitega kitendawili kimoja tu, kwa Kikurya, na alipokitafsiri tuligundua kwamba kwa Kiswahili hakitegeki, jibu limo ndani ya swali. Tulicheka mpaka akapunguza mwendo.

Redio tulikuwa nayo, lakini vilima vilikuwa vikiikata. Victoria FM ya Musoma ilitusindikiza kipande, kisha mikwaruzo. Ilipokatika ndipo mama aliposimulia Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania, jinsi kijiji kizima kilivyojaa kwenye redio moja ya betri, na mwenye redio akiheshimiwa kama mwenyekiti. Alisema watoto walijifunza kukaa kimya kwa ajili ya Pwagu zaidi kuliko kwa ajili ya mwalimu yeyote.

Njia ya Butiama ilikuwa na mchezo wake peke yake, na ule ndio nilioupenda kuliko yote. Kila mtu aliyesoma Tanzania amesikia kwamba Julius Kambarage Nyerere alianza shule Mwisenge mwaka 1934, akiwa na miaka 12, na kwamba kutoka Butiama kwa baba yake, Mtemi Burito, alitembea maili 26 kwa miguu. Tumesikia mpaka tumeacha kusikia. Mama aliigeuza hesabu. Tukishika tu barabara alitazama saa yake na kusema, "Saa kumi na mbili kamili. Kambarage naye ndiyo anaondoka kwao. Tutakutana naye wapi?"

Maili 26 ni kama kilometa 42. Gari letu twende kilometa 60 kwa saa. Mtoto wa miaka 12 mwenye mzigo mumpe nne. Kazi kwako. Nilifanya hesabu ile nyuma ya fomu ya ukaguzi, gari likitikisika: tunasogeleana kwa kilometa 64 kila saa, kwa hiyo tunakutana baada ya dakika 40 hivi. Nikataja jibu kwa fahari.

"Na yeye atakuwa ametembea kilometa ngapi?"

Nikapiga tena. Mbili na nusu na ushee.

"Kwa hiyo sisi tumeshafika, na yeye bado anaona moshi wa jikoni kwa mama yake," akasema. "Halafu ndio aanze kutembea."

Akaniagiza nitazame saa yangu kuanzia hapo. Tulifika shule ya kwanza, tukakagua maandalio ya masomo, tukahesabu madawati, tukaketi na walimu. Saa nne mama akaniuliza katikati ya kazi, kwa sauti ya chini, "Yuko wapi?" Kilometa 16. Tulipokula mchana: 28, jua la utosi. Tulipofunga majalada saa kumi jioni tukitaka kurudi, mtoto alikuwa amebakiza kilometa mbili, na hapo hatukumpa hata nafasi ya kupumzika au kunywa maji. Mpaka leo siwezi kuisoma ile namba 26 kama namba. Naiona kama siku nzima ya kazi ya watu watatu, na mtoto mmoja anatembea ndani yake.

Hesabu ile tuliwaachia watoto wa darasa la sita katika shule zaidi ya moja. Mama alikuwa akiiandika ubaoni mwenyewe, kwa mwandiko wa duara wa walimu wa zamani, na kisha akikaa nyuma darasani kwenye dawati la mtoto kuona nani atapata. Wapo waliopata haraka kuliko mimi.

Aprili 2012 tulikwama. Tulikuwa tumetoka Bunda kwenda Kisorya, huko barabara inakoishia majini na watu wakavuka kwa kivuko kwenda Ukerewe. Siku hizo njia ile ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, na tope lenyewe ni udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kama ugali wa muhogo. Mvua ya usiku ilikuwa imeikata njia. Mura alijaribu pembeni, gari likalala upande, magurudumu yakazama mpaka kwenye ekseli. Saa tano asubuhi. Vijana wa kijiji cha karibu walikuja na majembe na matawi, wakaona, wakasema hapa ni trekta, na trekta liko mbali.

Tulingoja mpaka saa kumi na moja jioni. Mama alivua viatu, akashuka, akakaa juu ya boksi la fomu chini ya mti, na mimi nikakaa chini kwenye kanga aliyonitandikia. Ilikuwa mara ya kwanza nimemtazama usoni kwa muda mrefu. Vitendawili viliisha ndani ya saa moja. Ndipo nikamwuliza, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kuuliza, alianzaje ualimu.

Alisema alianzishwa na redio. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma, mjini kwetu hapahapa, na likatoka Azimio la Musoma. Mpango wa kumwingiza kila mtoto shule ulikuwa wa kufikia mwaka 1989. Azimio likasema hapana, iwe 1977. Miaka 12 ikakatwa kwa mkutano mmoja. Madarasa hayakuwapo, na walimu ndio hawakuwapo kabisa. Kwa hiyo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwe ualimu hukohuko vijijini, huku wakifundisha: masomo kwa posta, masomo kwa redio, mwalimu mwenye cheti akiwasimamia. Mama alikuwa amemaliza la saba, yuko nyumbani anamsaidia mama yake kuanika dagaa. Mwenyekiti wa kijiji akaja na karatasi.

"Nilipewa watoto 94," akasema. "Chini ya mwembe. Wengine walikuwa wamenipita urefu. Sikuwa na chaki wiki ya kwanza, nikaandika kwa mkaa kwenye mlango wa zamani uliotolewa kwenye nyumba. Mchana watoto, jioni watu wazima. Wavuvi walikuja wakinuka samaki, wakaketi nyuma. Kulikuwa na mzee mmoja alitaka kitu kimoja tu, kuandika jina la mtumbwi wake mwenyewe. Ilimchukua miezi minne. Siku alipoandika, alituita wote pwani, darasa zima, tukasimama majini kumwangalia."

Watu wamewasema sana walimu wa UPE, kama mpango ule ulivyoitwa. Hata mimi chuoni nilifundishwa kuwataja kama mfano wa elimu iliyoshuka kwa sababu ya haraka, na sina haja ya kubisha kwamba haraka ilikuwapo. Lakini nilikuwa nimeketi kwenye kanga ya mmoja wao. Huyu aliyefundisha kwa mkaa ndiye aliyekuwa akinirudishia ripoti kwa kosa la nukta. Alisoma kwa barua, akafanya mtihani wa kidato cha nne akiwa na watoto wawili, akaenda chuo, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, na kila alipopanda alirudi kwenye shule za namna ileile alizotoka. Nikamwuliza mshahara wake wa kwanza alifanyia nini. Akasema alikwenda kuuchukua Musoma mjini, jioni ikamkuta, akalala Mwisenge kwa shangazi yake, kwenye mkeka, fedha amezifunga kwenye pindo la kanga. Usiku kucha hakulala. Alisikia watoto wa bweni wakiimba shuleni, akajiambia siku moja atakaa karibu na sauti ile.

Trekta lilikuja. Tulifika Kisorya usiku, na kwa kuwa nililala pale, Kisorya ikawa yangu.

Nayataja haya kwa sababu ripoti ya safari ile ipo kwenye jalada, nimeiandika mwenyewe, na inasema: "Timu ilichelewa kutokana na ubovu wa barabara." Sentensi moja. Siku hizi ukaguzi umebadilishwa jina, unaitwa uthibiti ubora, barabara nyingi zimewekwa lami, na mimi ndiye ninayekaa mbele kushoto. Nyuma yangu wanakaa vijana wazuri, wachapakazi, kila mmoja na hedifoni zake. Hawakosi adabu, wanafanya nilichokuwa nikifanya na nguzo za umeme. Kinachoniuma ni kwamba mkubwa asipofungua mlango, wao hawana pa kubisha, na zile saa sita za kwenda na kurudi Mwanza hazirudi kwa mtu yeyote. Kwa hiyo tukishaipita Makutano, huwa nasema neno lile bila kugeuka. Wengine huvua hedifoni. Wengine hudhani naongea na simu.

Safari ya mwisho na mama ilikuwa mwaka 2015. Tulikwenda Kibara, shule tatu, na tukarudi siku hiyohiyo kwa sababu alitaka kulala kwake. Mura alikuwa amenunua sato wanne, akawafunga mbele ya bampa wapigwe upepo, maana mama hakuruhusu harufu ya samaki ndani ya gari. Bunda tulikunywa chai. Jua lilikuwa linazama tulipoiona tena ile milima ya mawe.

Nilikuwa nimekiandaa kitendawili changu wiki nzima.

"Kitendawili, mama."

"Tega."

"Tunakwenda pamoja, tunakula pamoja, miaka minne hatutazamani."

Mura alinitazama kwenye kioo, nikajua amekipata. Mama alikaa kimya. Tukaipita Makutano, tukachukua barabara ya mjini. Alijua. Mtu aliyetega vitendawili vya njia nzima ya kutoka Kisorya mpaka Mwanza hakushindwa na kile. Tulipoanza kuona taa za Bweri akasema:

"Nimeshindwa. Nikupe mji gani?"

"Wowote uliolala, mama."

"Nakupa Mwisenge."

"Mwisenge ni mtaa, mama, si mji."

"Pokea unachopewa, mwanangu."

Sauti yangu haikuwa nzuri, lakini nilifuata maneno kama yanavyotakiwa. Nikasema nimekwenda Mwisenge, wamenipokea vizuri, wamenitandikia mkeka, usiku nimesikia watoto wanaimba. Wenyeji wakaniuliza, huyo mama yenu ameshindwa nini? Nikawaambia.

Gari lilisimama penye kona yangu. Mura alishuka kunifungulia mlango wa nyuma, akanipa sato mmoja kati ya wale wanne. Nilipozunguka mbele kuaga, mama alikuwa ameshusha kioo.